Saluni ya kucha: wapi ubane pesa, wapi usibane

Mdogo wangu wa Mwanga, Kigoma, umeuliza kama uanze saluni na vifaa vya bei ya chini. Pamba, vijiti, misasa, hata rangi za kawaida, nunua vya rahisi tu. Usibanie maji ya akriliki, yale yanayochanganywa na unga kutengeneza kucha za bandia. Yale ya bei ya kutupa mara nyingine huwa na MMA (methyl methacrylate), kemikali ambayo Marekani ilianza kuipiga vita miaka ya 1970. Tafuta yaliyoandikwa EMA (ethyl methacrylate), kemikali mbadala wake. MMA utaijua: harufu kali inayopasua kichwa, kucha ya bandia ngumu kupita kiasi, asetoni (dawa ya kutolea kucha) haiilainishi kirahisi, na mteja akijigonga kwenye ndoo inaweza kung'oka na kucha yake halisi. Jeli ya kucha itumie na taa ya kuikaushia inayoendana nayo. Isiyokauka sawasawa huleta mzio. Chupa isiyo na lebo, hata muuzaji aape vipi, mrudishie.