Kile kifaa cha kupima ulimi usingizini, tununue?

SWALI: Shikamoo dokta. Naandika kutoka Mikindani. Mume wangu ni dereva wa fuso, msimu wa korosho anabeba magunia toka Newala na Tandahimba kuleta Mtwara mjini. Usiku anakoroma sana alafu katikati pumzi inakata kabisa, nahesabu kimoyomoyo mpaka naogopa, ndo anashtuka kwa kishindo kama mtu aliyeibuka majini. Mchana anasinzia hata sahani ikiwa mbele yake. Mama mkwe anasema ni jinamizi. Sasa shemeji yangu aliye nje kasema kuna kifaa cha kuvaa mdomoni kinapima misuli ya ulimi ukiwa umelala, anataka tuchange tukinunue. Kitamsaidia?
Mama Wawili, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela yenu kwanza: msinunue. Vifaa vya namna hiyo vipo kweli, ila vinapima tu, havitibu, na ni vya watafiti zaidi kuliko mgonjwa wa nyumbani.

Ngoja nikueleze vinavyofanya kazi maana hapo ndo utaelewa mumeo anapatwa na nini. Ulimi una msuli mkubwa ulioshika kwa ndani ya mfupa wa kidevu, wataalamu wanauita jenioglosasi, kazi yake kuuvuta ulimi mbele. Tukivuta pumzi ubongo unauambia ukaze ili koo libaki wazi, na msuli ukikaza unatoa umeme mdogo mno. Basi wanachonga kibao cha plastiki kinachoshika meno ya chini, kina vipande vya chuma vinavyogusa pale chini ya ulimi, waya unatoka mdomoni mpaka kwenye mashine inayochora ule umeme. Njia nyingine ni kuchoma nyaya nyembamba ndani ya msuli wenyewe, na hapo nani atalala vizuri.

Vipimo vya msuli huu vimetufundisha jambo kubwa sana. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wa kukatika pumzi usingizini (kwa Kiingereza sleep apnea) wakiwa macho, msuli wa ulimi unafanya kazi kuliko wa watu wazima wa afya, yani koo lao ni jembamba na ubongo unalishikilia kwa nguvu lisizibe. Usingizi ukiingia ile nguvu inashuka, koo linaziba, oksijeni inapungua, ubongo unashtuka, msuli unakaza ghafla, ndo kile kishindo unachosikia. Kwahiyo mwambie mama, kwa heshima, huu ni ugonjwa unaojulikana na una tiba.

Ila hicho kibao kina shida zake: mate, kumeza na kusaga meno vinavuruga mchoro, misuli ya jirani nayo inaingilia, alafu chenyewe kinajaza nafasi mdomoni kinaweza kubadilisha hichohicho kinachopimwa.

Mumeo anahitaji kujua pumzi inakata mara ngapi kwa saa. Inahesabiwa ikikata sekunde 10 au zaidi, kuanzia mara 5 kwa saa tayari ni tatizo, 30 na kuendelea ni kali. Mrekodi video kwa simu akiwa amelala, mwende nayo hospitali ya mkoa ya Ligula au hospitali ya kanda pale Mitengo, muombe kuonana na daktari wa masikio, pua na koo. Apimwe na presha, ugonjwa huu unaipandisha. Muulizie kipimo cha usiku, hata cha oksijeni ya kidoleni, kama hakipo hapo waandike rufaa.

Tiba kuu ni mashine ya CPAP inayosukuma hewa kupitia barakoa, iligunduliwa Australia mwaka 1981 na inafanya kazi vizuri, shida bei na umeme ukikatika. Kwa ugonjwa wa kiasi kuna kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya la chini mbele, anakipima daktari wa meno, hicho ndo tiba na shemeji asikichanganye na kile cha kupimia. Wakati mnasubiri alale ubavu, apunguze uzito kama umezidi, na uraka jioni aache kabisa maana pombe inalegeza huohuo msuli wa ulimi. Dawa za usingizi asiguse bila daktari kujua.

Na usukani, mwanangu, hapa nakusihi kwa dhati: mpaka apimwe na aanze tiba asiendeshe, magunia yapakiwe kwenye gari la mtu mwingine au muombe tajiri ampe dereva mwenzie. Najua msimu ni mfupi na hela yote ya mwaka iko hapo, lakini mtu anayesinzia mbele ya sahani atasinzia na kwenye mteremko wa Newala.