Mwanangu haitiki nikimwita. Niuze kiwanja nihamie Dar?

SWALI: Shikamoo dada. Mwanangu wa kiume ana miaka 2 na miezi 10. Alikuwa anasema "mama" na "maji", lakini alipofika mwaka mmoja na nusu maneno yale yakapotea. Nikimwita hageuki, ila nikifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Kutwa anazungusha mifuniko ya chupa. Akitaka kitu ananishika mkono na kunivuta mpaka kilipo, usoni haniangalii. Mama mkwe anasema ana udata, akatwe. Mume wangu anasema hata yeye alichelewa kusema. Daktari mmoja alitaja usonji (autism), akaniambia nitafute tiba ya tabia mapema. Nimepiga simu kituo kimoja binafsi Dar, wanataka laki 6 kwa mwezi. Mimi nauza chakula stendi, na tuna kiwanja kimoja tu. Nikiuze? – Mama K., Korogwe

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kiwanja kiache kwanza.

Mimi ni mtoa tiba kwa vitendo (occupational therapist), yaani namsaidia mtu kuweza shughuli zake za kila siku, na watoto wa namna hii ndio kazi yangu ya kila siku. Kwa barua siwezi kusema ana usonji au hana. Ila mtoto aliyekuwa na maneno yakapotea, asiyegeuka akiitwa, anayekuvuta mkono badala ya kunyoosha kidole na kukutazama, huyo si wa kusubiriwa. Mumeo huenda kweli alichelewa kusema. Muulize mama yake kama alikuwa akigeuka akiitwa, kama alikuwa akimletea vitu ili aone. Hapo ndipo penye tofauti.

Kuhusu udata: huo ni utando wa chini ya ulimi, na daktari atauona kwa kumfunua mtoto mdomo tu. Mwenye udata anaweza kutamka kwa shida, lakini akiitwa anageuka, na bado ataonyesha anachotaka kwa kidole na macho. Na akitokea mtu wa kusema basi akatwe kimeo, kataa kabisa. Watoto wanavuja damu na kupata maambukizi kwa kitu kisicholeta hata neno moja. Mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba ulimi utaangaliwa hospitali, pamoja na masikio. Masikio lazima yapimwe hata kama biskuti anazisikia, maana mtoto anaweza kusikia sauti za aina fulani na nyingine zikampita.

Sasa uende wapi? Wewe uko Korogwe, mabasi ya Tanga kwenda Arusha yanapita mlangoni kwako. Nenda hospitali ya wilaya uchukue barua ya rufaa, kisha nenda Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC. Pale ndipo watoa tiba kwa vitendo wanaposomeshwa. Hapohapo Moshi kuna kituo cha Gabriella, kinachoshughulika na watoto wenye usonji na ulemavu mwingine. Akikua, kwa upande wa shule, Lushoto, mkoani kwenu, kuna Irente Rainbow. Dar nako kuna hospitali za Muhimbili na CCBRT, na vitengo vya usonji katika shule za serikali kama Msimbazi Mseto na Mbuyuni, lakini mtoto wa miaka miwili na kitu hakuhamishi mji kwa ajili ya darasa.

Na sasa hiyo tiba ya tabia, yaani kumfundisha mtoto jambo dogodogo na kumtuza akilifanya. Ilipata jina kubwa mwaka 1987, mwanasaikolojia Lovaas wa Los Angeles alipoandika kuhusu watoto wadogo waliofundishwa saa 40 kwa wiki, miaka miwili au zaidi, wazazi wao nao wakifunzwa kuendeleza nyumbani. Siku hizi mengi ya aliyoyafanya tumeyaacha, adhabu zikiwa za kwanza, na kwa watoto wadogo tunafundisha zaidi ndani ya mchezo na shughuli za kawaida. Lakini angalia hizo saa. Kituo kikikupa saa mbili kwa wiki kwa laki 6, saa zilizobaki mtoto yuko na nani? Yuko na wewe, na bibi yake, na binti anayekusaidia kuosha vyombo. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo yaliyotengenezwa kwa ajili ya walezi hasa, kwa watoto wa miaka 2 hadi 9: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na mtoto hahitaji kuwa ameshapewa jina la ugonjwa. Ukifika Moshi, uliza kama wanayo au wanajua yanakotolewa.

Usisubiri miadi. Anza na uji. Najua unampakulia kikombe kizima anywe upesi urudi jikoni. Kesho mpe mafunda mawili tu. Chutama mbele yake, nyuso zenu ziwe sawa, kikombe kikubwa ukiwa nacho wewe. Akimaliza, nyamaza. Usimwambie "sema uji". Hesabu moyoni mpaka tano. Atakuvuta mkono, atalia kidogo, au kwa nukta moja atakuangalia. Hiyo nukta ndiyo unayoitafuta. Hapohapo sema "uji!" na umimine, usimcheleweshe. Neno moja, si hotuba. Siku nyingine chukua mkono wake uguse kikombe, umimine. Mifuniko usimnyang'anye: chukua wako, zungusha karibu na wake. Akikutupia jicho, tayari mnacheza wawili.

Hukuandika kama anajitupa chini, lakini wengi hujitupa, na hapo ndipo wazazi wanapoambiwa ni ukaidi. Angalia kilichotangulia na kilichofuata. Akijitupa mbele ya duka akapewa biskuti, amejifunza bei yake. Akijitupa bodaboda inapopita na mikono iko masikioni, huyo anaumizwa na kelele, mtoe hapo. Kumchapa hakutibu lolote kati ya hayo mawili.

Popote utakapokwenda, swali la kwanza liwe hili: nitakaa chumbani na mwanangu mkimfundisha? Wakikuambia subiri nje kila siku, chukua mtoto wako. Uliza pia wanafanyaje akikataa, na katika miezi mitatu wanataka aweze nini. Jibu liwe kitu unachoweza kukiona kwa macho, kwa mfano kunyoosha kidole akitaka maji, na si "atachangamka". Anayekuahidi kuponya, anayeuza matone ya ubongo, anayesema atasafisha madini kwenye damu, hao wapishe. Daktari anaweza kuandika dawa kwa ajili ya usingizi, degedege au hasira kali, ila dawa ya usonji wenyewe haipo.

Chukua video fupi kwa simu kabla ya safari: anavyoitwa asigeuke, anavyocheza na mifuniko, anavyokuvuta mkono. Hospitali watoto hubadilika, mwingine analala mgongoni saa nzima, daktari asione kitu. Beba kadi ya kliniki, na andika umri aliokaa, aliotembea, na maneno yalipokatika. Na mumeo aende nawe, hata kwa siku hiyo moja. Mimi napenda baba amsikie mtaalamu kwa masikio yake, kwa sababu ukirudi kusimulia peke yako, mjadala wa "hata mimi nilichelewa" utaanza upya pale stendi.