Kabla hujasaini mkataba wa EngD

Nyumbani kwetu Tanga, hatua chache kutoka baharini, bati jipya huanza kuota kutu kabla hata rangi ya ukuta haijapauka. Nimekulia chini ya bati la namna hiyo, masika yakianza tunapanga ndoo sebuleni. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kutafiti zinki inayopakwa juu ya mabati, katika kiwanda kimoja huko Uingereza, niliona nimeitiwa jambo la nyumbani.

Nafasi yenyewe haikuwa PhD. Ilikuwa EngD, udaktari wa uhandisi unaosomewa zaidi kiwandani kuliko chuoni. Waingereza waliuanzisha mwaka 1992, na Warwick na Swansea ni miongoni mwa vyuo vya mwanzo. Kwa kawaida ni miaka 4, na takribani robo tatu ya muda huo uko kwenye kampuni. Vipindi vya darasani vipo, vingine vya uongozi na fedha ambavyo mwanzoni nilividharau. Mwishoni unaandika tasnifu na kuitetea mbele ya watahini kama mwenzako wa PhD, na ukifaulu unaitwa Daktari. (Shangazi yangu aliposikia hivyo alinivulia kiatu nimtazame kisigino.)

Wengi wananiuliza ipi ni ngumu zaidi. Mimi naona waulize swali la utafiti ni la nani. Kwenye PhD, likikushinda, wewe na msimamizi wako mnaweza kuligeuza mkaendelea. Kwenye EngD swali lina mwenyewe. Mteja amerudisha mzigo kwa sababu zinki inabanduka pale bati linapokunjwa, na kuna mtu ofisini anataka kujua kwa nini. Beseni la zinki iliyoyeyuka lina joto la nyuzi 460 hivi, na halizimwi kwa ajili ya mwanafunzi. Niliwahi kungoja wiki 3 nipewe saa moja tu ya kuongeza magnesi kidogo kwenye mchanganyiko, tena usiku wa manane. Lakini usiku ule mzee mmoja wa zamu alinionyesha kwa jicho tu, kwa jinsi bati lilivyong'aa, kitu ambacho hadubini ilikuja kukithibitisha baadaye. Elimu ile sidhani ningeipata maabara.

Sasa machungu. Mwaka wa tatu meneja aliyeuomba mradi wangu aliondoka. Aliyempokea kiti hakuujua, na wala hakutaka kuujua. Miezi 5 nilikuwa naingia getini kwa kitambulisho kisicho na kazi. Aliyeniokoa ni msimamizi wa chuo, kwa kuwa mkataba ulitaja wazi kwamba data zilizokwisha kukusanywa naruhusiwa kuzitumia kwenye tasnifu. Kifungu hicho kitafute. Kama hakimo, omba kiwekwe, na omba yatajwe majina ya watu wawili upande wa kampuni, siyo mmoja.

Soma pia kifungu cha usiri, tena mara mbili. Makala yangu ya kwanza ilikaa karibu mwaka mzima mikononi mwa wanasheria wa kampuni wakiamua kama kuna cha kuombea hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi. Ukitaka kuja kufundisha chuo kikuu, ambako mtu hupandishwa cheo kwa machapisho, huo ni mwaka umeliwa. Kwa mtu wa namna hiyo, kusema kweli, ningemwambia afanye PhD.

Kuhusu fedha, posho yangu ilizidi ya rafiki zangu wa PhD kwa sababu kampuni iliongezea. Ugumu kwetu sisi wa nje uko kwenye ada. Tangu 2021 UKRI, shirika la serikali linalofadhili utafiti huko, linaruhusu wanafunzi wa kigeni hadi asilimia 30 ya wanaopokelewa, ila ada ya mgeni ni kubwa kuliko ya mwenyeji na tofauti hiyo lazima ilipwe na mtu. Uliza ni nani, na jibu lije kwa maandishi.

Jihadhari na jina pia. Uholanzi nako kuna EngD, ambayo hadi 2022 iliitwa PDEng. Ni nzuri, unalipwa mshahara, lakini ni ya miaka 2 baada ya shahada ya uzamili na haikupi cheo cha Daktari. Ukirudi nyumbani na cheti chochote kati ya hivyo utapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kukitambulisha, basi jua mapema umebeba kipi.

Na kiwanda kitembelee kabla ya kusaini. Mimi nilipelekwa siku mitambo imezimwa kwa matengenezo, kimya, sakafu inang'aa. Nenda siku ya kazi, ukae hadi zamu ibadilike, unywe chai na wanaotoka.