Mbona hamuulizi kuhusu aliyetoka hai?

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama anayekufa ili mwenzake aishi ndiye mwenye wema wa kweli, usio na ubinafsi. Nilikuwa nimeamua kujibu hapana, mstari mmoja, basi. Lakini swali lenyewe limenigusa penye kidonda, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha.

Kinachonikera ni kifo kuwekwa mlangoni kama tiketi. Mtu akifa, wema wake hauhojiwi tena. Akirudi hai, tunaanza kumchambua. Mkumbukeni Majaliwa Jackson, yule mvuvi kijana wa Bukoba. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Viktoria tarehe 6 Novemba 2022 ikiwa na watu 43, alikwenda kuokoa. Alisimulia alivyoupiga mlango wa nyuma kwa kasia, kisha akajaribu kuwafikia marubani, akaumia, akaja kuzinduka hospitalini. Watu 19 walikufa. Haukupita muda tukawa tunabishana: ni kweli aliufungua yeye? Shilingi milioni moja aliyozawadiwa ni ya nini? Na kupewa kazi Zimamoto je? (Wengine walichokiona cha maana ni kwamba yeye ni wajina wa Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa.) Angezama siku ile, nani angethubutu kuuliza hayo?

Mimi naleta habari ya kisima. Baba mdogo wangu alifia kisimani, shambani kwake Muheza, wakati wa kiangazi. Wanaomwagilia mboga wanajua mambo yalivyo: pampu ya petroli hainyonyi maji yaliyo chini zaidi ya mita 7 hivi, kwa hiyo maji yakishuka watu huiteremsha pampu yenyewe mle ndani, wakaikalisha juu ya mbao. Moshi hauna pa kutokea. Ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Miguu inaisha nguvu kabla hujajua kama unaumwa. Siku ile pampu ilizima, kibarua akashuka kuiwasha, akaitwa asiitike.

Baba mdogo alivua viatu, akavua shati, akamkabidhi jirani simu na kumwambia mnunuzi wa bamia akipiga amwombe asubiri. Akashuka kwa ngazi. Alipofika kwenye mbao akaketi, akainamisha kichwa, akalala ubavu. Walioko juu walidhani anamwinua mwenzake.

Wakati wanapiga kelele, akapita kijana wa bodaboda na abiria wake. Akaegesha, akachungulia, akawaona wawili wamelala. Ngazi akaikataa. Akaomba kamba, akajifunga chini ya makwapa, akajifunika pua kwa kitambaa kilicholoweshwa maji (hakizuii gesi ile hata kidogo, lakini nani alijua), akawaambia wanaume, "Nikinyamaza vuteni, msiniite mara ya pili." Akashuka huku anahesabu kwa sauti ili wamsikie. Alimfunga Baba mdogo, akavutwa juu naye, akatapika, akashuka tena kumfuata kibarua. Wote wawili walikuwa wameshakufa. Abiria wake alikuwa ameshadandia pikipiki nyingine, nauli hakulipa.

Kwenye hitma yalisemwa mengi. Ametoa uhai wake, shujaa, Mola atamlipa. Mama mdogo akasikika kutoka upande wa wanawake: "Hakuutoa. Mngemuuliza angewaambia anashuka, anarudi." Wazee wakaguna. Mimi nilikuwa upande wa Mama mdogo, na bado niko. Mtu aliyeacha ujumbe wa bamia hakuwa amekubali kufa. Na ada za wanawe nani alilipa? Tulichangishana ukoo mzima, miaka na miaka. Mke wa kibarua, kule Pangani, hatukumchangia kitu. Kijana wa bodaboda hakutajwa kabisa. Alikaa nyuma, akala pilau, akaondoka.

Baadaye nilimkuta kijiweni nikamuuliza kilichomshusha mle. Akacheka. "Watu walikuwa wananitazama, bro." Basi, huyo naye keshajiondoa kwenye wema usio na ubinafsi! Na hapo ndipo ninapowashangaa wanaotaka nia iwe safi tupu. Alitaka wamuone, sawa. Lakini alikuwa ameshaona watu wawili chini, na akashuka mara mbili. Nikiambiwa nichague kati ya nia yake na nia safi ya mtu aliyebaki juu akilia, namchukua yeye.

Ila nikifika hapa namkumbuka Salah Farah, mwalimu wa Mandera, na hapana yangu inalegea. Novemba 2014 al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga wasio Waislamu, wakaua watu 28. Desemba 2015 wakasimamisha jingine, safari hii likielekea Mandera, na yeye na Waislamu wenzake wakakataa kutengwa na abiria Wakristo. Akapigwa risasi, akafariki Nairobi Januari 2016. Kila aliyesafiri barabara ile alijua basi la kwanza liliishia wapi. Huyo hakuwa na mnunuzi wa kumsubirisha.

Kwa hiyo niandikieni ndiyo, kwa Salah, tena si kwa sababu alikufa bali kwa sababu alijua. Kwa kijana wa bodaboda pia ndiyo, hata kama anadunda hadi leo na hata kama alitaka kuonekana. Baba mdogo muwekeni katikati: hakujua, lakini hakusubiri kujua. Mama mdogo akisoma atanikatalia, na ana haki, maana mzigo aliubeba yeye. Na kama kuna mtu amesimama ukingoni mwa kisima wakati huu, asinisikilize mimi. Asishuke, apige 114, Zimamoto. Na siku nyingine pampu ya petroli ibaki juu, bamia zikikauka na zikauke.

Msomaji wenu, Tanga