Kwa mama wa mtoto wa wiki saba: kunyonyesha usiku na usingizi unaokatika

Dada, umeandika kwamba mwanao wa kwanza ana wiki saba, kwamba ananyonya kila baada ya saa moja na nusu kuanzia saa tatu usiku mpaka alfajiri, na kwamba mama mkwe wako anasema maziwa yako ni mepesi, umpe uji ili alale. Umeuliza ufanye nini, na kama kuna aliyepita hapo akabaki na akili zake timamu. Mimi nimepita mara mbili, ya kwanza vibaya na ya pili kwa nafuu, na nafuu hiyo haikuletwa na mtoto, kwa sababu wote wawili waliamka usiku karibu sawasawa. Kilichobadilika ni namna nyumba ilivyopangwa, hasa nani alifanya nini mtoto alipokuwa hayupo kwenye ziwa.

Nianze na uji, maana hilo huenda likaamuliwa kesho asubuhi bila wewe kuulizwa. Mwanangu wa kwanza nilimpa uji akiwa na miezi minne, kwa ushauri wa namna hiyohiyo. Aliendelea kuamka vilevile, akaharisha siku tatu, na mimi nikawa ninaamka kunyonyesha na kufua. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani, ambao ndio unaotolewa katika kliniki zetu, ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, bila hata maji, kisha vyakula vingine vianze huku mtoto akiendelea kunyonya mpaka afikishe miaka 2 au zaidi. Hayo maziwa mepesi anayoyaona mama mkwe ni yale yanayotangulia ziwa linapokuwa limejaa. Yanayofuata linapokaribia kuisha huwa na mafuta mengi zaidi, na ndiyo maana ni vizuri kumwacha mtoto amalize upande mmoja mwenyewe kabla ya kumhamishia wa pili. Kama maziwa yanamtosha au hayamtoshi utajua kwa nepi na kwa mizani: mtoto wa umri huo anayelowesha nepi 6 au zaidi kwa siku, na ambaye mstari wa uzito wake kwenye kadi ya kliniki unapanda, anashiba, hata kama analia usiku kucha.

Na mama mkwe usimjibu kwa ubishi. Mimi wa kwangu nilimwomba anisindikize kliniki siku ya kupima uzito, nikamwachia muuguzi kazi ya kueleza, nami nikakaa kimya nikimfunga mtoto nepi. Tangu siku hiyo jirani yeyote aliyetaja uji alijibiwa na yeye kabla mimi sijafungua mdomo.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, kwa sababu tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika haraka. Katika wiki hizi za mwanzo mwili wake bado haujatenganisha usiku na mchana. Wengi huanza kutenganisha wakiwa na miezi miwili au mitatu. Maziwa ya usiku yana melatonini, homoni inayoleta usingizi, ambayo katika maziwa ya mchana ni kidogo sana. Wewe nawe homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, hupanda zaidi usiku. Kwa hiyo yale manyonyo ya saa nane na saa kumi usiku, ambayo sote tungependa yafutwe, ndiyo yanayoweka akiba ya kesho.

Kuna jambo jingine ambalo nililitambua kwa mtoto wa pili tu. Kulia kwa watoto wachanga huongezeka siku hadi siku mpaka kufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua polepole. Wiki ya sita ni lini? Ni siku mbili tatu baada ya arobaini. Yaani mama yako au shangazi aliyekuja kukukanda kwa maji ya moto, kukupikia uji wa pilipili manga na kumwogesha mtoto, anafunga mzigo wake na kupanda basi wakati mtoto amefika pagumu kuliko pote, na watu wote wanakuona umeshapona kwa kuwa umetoka ndani. Wewe, dada, uko katika tundu hilo hasa. Mara ya pili nilimwomba mama aje kwa awamu mbili: wiki tatu za mwanzo, arudi kwake Korogwe kupumzika, kisha aje tena kuanzia wiki ya sita hadi ya tisa. Alinishangaa, lakini alikuja. Kazi yake kubwa katika awamu hiyo haikuwa kunikanda. Alikaa barazani saa za jioni na kuwaambia wageni wa kumwona mtoto, kwa upole na bila kuinuka, kwamba mzazi amelala.

Kama huna wa kumwita, itabidi mpangilio utoke ndani ya nyumba, na hapa namtaja baba wa mtoto. Mume wangu kwa mtoto wa kwanza alihamia sebuleni ili aamkie kazi akiwa mzima, nami nikaona ni jambo la busara, kwani hana ziwa, ataamka kufanya nini? Ilinichukua muda kugundua kwamba kunyonyesha kwenyewe kulikuwa dakika ishirini, na muda uliobaki ulikwenda kwenye kubadilisha nepi, kumbeulisha begani, kumtembeza chumbani mpaka alale, kutafuta maji ya kunywa maana kiu ya mzazi anayenyonyesha haina mfano, kisha kulala macho kodo nikisubiri kilio kingine. Hayo yote yanafanywa na mikono, na mikono anayo.

Kwa mtoto wa pili tuligawana hivi. Nilinyonyesha saa mbili kasoro usiku, nikala, nikaingia chumbani na kufunga mlango, naye akabaki na mtoto sebuleni mpaka saa sita. Mtoto alipotaka kunyonya katikati ya hapo alipewa maziwa niliyoyakamua asubuhi, wakati maziwa yanapokuwa mengi, kwa kikombe kidogo cha kahawa kilichochemshwa. Msimdharau mtoto mchanga kwa kikombe: ukimkalisha akiwa wima kidogo na kugusisha ukingo kwenye mdomo wa chini bila kummiminia, atayalamba mwenyewe kama paka, na hata kliniki hupendekeza kikombe kwa sababu ni rahisi kukisafisha kuliko chupa. Maziwa yenyewe niliyaweka kwenye friji, ambako hukaa mpaka siku 4. Mezani, kwa joto la Tanga, sikuyaacha hata saa mbili. Zile saa nne za usingizi usiokatika zilinisaidia kuliko saa saba za vipande vipande nilizokuwa nikijihesabia kwa mtoto wa kwanza. Kuanzia saa sita mpaka asubuhi zamu ilikuwa yangu.

Angalia tu usirefushe zamu yake mpaka asubuhi. Mimi nilifanya hivyo usiku mmoja kwa mtoto wa kwanza, baada ya wifi yangu kunihurumia na kumpa maziwa ya kopo usiku mzima ili nilale. Nililala, tena sana, nikaamka saa kumi na mbili asubuhi gauni limelowa, ziwa la kushoto gumu kama nazi na lina alama nyekundu, na kufikia adhuhuri nilikuwa natetemeka kwa homa. Kliniki walinipa dawa wakaniambia niendelee kumnyonyesha mtoto kwa ziwa hilohilo, jambo lililoniliza kwa maumivu siku mbili. Mwili ukizoea kutoa maziwa usiku hauambiwi ghafla kwamba leo ni mapumziko.

Jambo hilo lina upande wa pili ambao wengi hawauwazi wanaporuka kunyonyesha usiku. Kunyonyesha huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98, lakini kwa masharti matatu yanayokwenda pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya maziwa ya mama tu bila kupita zaidi ya saa 4 mchana au saa 6 usiku. Sharti moja likivunjika, ongea na muuguzi kuhusu njia nyingine, usije ukakuta unalea wawili wasiopishana mwaka.

Sasa nieleze lililonitisha. Mwanangu wa kwanza akiwa na wiki tano, nilikuwa nimesikia kwamba kulala naye kitandani ni hatari, kwa hiyo kila alipoamka nilikwenda naye sebuleni kunyonyesha nikiwa nimekaa kwenye kochi ili nisisinzie. Saa tisa usiku mmoja nilisinzia. Mume wangu aliamshwa na kimya, si kilio, akamkuta mtoto ameteleza kati ya kiwiko changu na mto wa kochi, uso umegeukia kitambaa. Alikuwa anapumua. Nilikaa mpaka alfajiri nikimtazama kifua. Nilipolieleza kliniki, muuguzi aliniambia wazi kwamba mahali pa hatari kuliko pote pa kusinzia na mtoto ni kochi au kiti. Salama zaidi ni mtoto kulala chali kwenye godoro lake gumu, katika chumba kilekile ulimo. Lakini kama unajua utasinzia ukinyonyesha, na wiki ya tano nani hasinzii, basi ni bora usinzie kwenye kitanda kilichoandaliwa kuliko kwenye kochi ulilolikimbilia.

Kuandaa kwetu kulikuwa hivi: godoro gumu, mito yote upande wa mume, hakuna blanketi wala khanga nzito karibu na mtoto, kitanda hakina pengo na ukuta, chandarua kimechomekwa vizuri chini ya godoro kisimwangukie. Nilijifunza kunyonyesha nikiwa nimelala ubavu, mtoto amenielekea tumbo kwa tumbo, na akimaliza ninamgeuza chali kwenye godoro lake dogo lililo ubavuni pangu. Hili la kulala pamoja halifai kabisa ikiwa mmoja wenu anavuta sigara, amekunywa pombe, ametumia dawa yoyote inayoleta usingizi, zikiwemo zile za mafua, au ikiwa mtoto alizaliwa njiti au na uzito mdogo.

Mengine ni madogo. Taa ya chumbani sikuiwasha usiku. Nilitumia tochi niliyoifunika kwa kitambaa cha njano. Nepi iliyolowa mkojo tu niliiacha isubiri, ila yenye choo sikuiacha. Sikuzungumza na mtoto usiku wala sikumchezesha, na asubuhi nilimtoa barazani kwenye mwanga ili ajue kumekucha. Simu niliiacha mbali, kwa sababu nikiishika saa nane kusoma ujumbe mmoja, mtoto alilala saa nane na robo nami nikalala saa tisa na nusu.

Hukusema kama umeajiriwa, lakini ikiwa umeajiriwa hapa Tanzania, jipange mapema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ukirudi kazini una haki ya kutumia mpaka saa 2 kila siku kunyonyesha. Mimi ni mhasibu, na ofisi niliyokuwa nayo wakati huo ilijifanya haijawahi kusikia habari hiyo. Niliwapelekea kifungu kimeandikwa, tukakubaliana nitoke saa tisa alasiri badala ya saa kumi na moja. Nilizitumia kulala na mtoto akiwa ananyonya. Usishangae, ukirudi kazini, mtoto akikataa kikombe mchana na kuhamishia manyonyo yake yote usiku. Wa kwangu alifanya hivyo kwa wiki tatu, kana kwamba ananidai.

Kuna uchovu ambao mpangilio hauuwezi. Ikiwa umepewa nafasi ya kulala, mtoto yuko mikononi salama, na bado usingizi hauji, au kwa zaidi ya wiki mbili unalia bila sababu, huoni raha ya chochote, au yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo si kazi ya usiku tena. Huenda ni sonona ya baada ya kujifungua, ina matibabu, na mengi yake hayakulazimu kuacha kunyonyesha. Mawazo ya kudhuru yakija, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mtoto wa umri wa mwanao akiwa na homa, akilegea, au akikataa ziwa, usisubiri kupambazuke.

Umemalizia kwa kuuliza yataisha lini. Wa pili alilala kuanzia saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri akiwa na miezi kumi, usiku tatu mfululizo, tukafurahi, kisha meno ya juu yakaanza kutoka tukarudi nyuma mwezi mzima. Kwa wiki hii omba hizo saa nne za mwanzo wa usiku kwa mwenzio, anza nazo leo, na ukitoka kupima uzito uandike hapa kadi imesema nini.