Maiti Sura ya Kwanza, Siri Sura ya Mwisho: Maswali Yenu na Majibu

Barua nyingi za safari hii zinanuka baruti. Nimejibu zile zilizonigusa zaidi, na kwa urefu zinaostahili. Sheria ni ileile: simtaji muuaji wa kitabu ambacho raha yake ni kumtafuta, hata mniwekee bastola kisogoni.

Kila riwaya ya upelelezi ninayoishika, nikifika katikati nimeshamjua muuaji. Kosa ni langu au la mwandishi?

Inategemea umemjuaje. Kama uliokota vidokezo kimoja kimoja mpaka vikamwangukia yeye, umeshinda kihalali, jipongeze. Ila wasomaji wengi hawamjui muuaji, wanamjua mwandishi. Wameshazoea kwamba yule mpole kupita kiasi, asiye na sababu yoyote ya kuua, ndiye. Huko si kupeleleza, ni kukariri.

Suala hili la haki kati ya mwandishi na msomaji liliwahi kuwekewa sheria. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki wa Uingereza aliyekuwa pia mtunzi wa riwaya hizi, alitoa amri kumi. Mhalifu atajwe mapema. Mizimu isisaidie kufumbua fumbo. Njia ya siri ndani ya jumba isizidi moja. Pacha asizuke tu mwishoni bila msomaji kuandaliwa. Mwaka uliofuata waandishi wenzake wakaanzisha Detection Club jijini London, na mwanachama mpya alikula kiapo kwamba wapelelezi wake watatumia akili, si ufunuo wala bahati nasibu. Kiapo chenyewe kilikuwa nusu utani, lakini wazo lake bado linanisaidia kupima vitabu.

Mwandishi hodari hafichi kidokezo. Anakiweka mezani waziwazi, halafu anapiga kelele upande wa pili wa chumba. Ukisoma orodha ya vitu vilivyokutwa chumbani kwa marehemu, na papo hapo mlango ukabamizwa na mjane akazirai, muache mjane. Rudi kwenye orodha.

Na kama umechoka kubashiri, hamia kwenye riwaya zisizokuficha muuaji. Dostoyevsky, katika *Crime and Punishment*, riwaya yake ya mwaka 1866, anatuonyesha Raskolnikov akiua katika sehemu ya kwanza kabisa. Kurasa zote zilizobaki ni za kuangalia jinsi mtu anavyooza akiwa na siri tumboni. Sijui riwaya ya kubahatisha muuaji inayobana kifua kama hiyo.

Mimi napenda vitabu vya magenge kuliko vya mpelelezi na wageni kumi waliofungiwa jumbani. Mume wangu anasema ni kitu kilekile, damu tu. Nimjibu nini?

Mwambie amehesabu maiti, akasahau kuhesabu midomo. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwenye riwaya ya jumba, kata ni moja: mtu mmoja anajua, wengine wako gizani, na kazi ni kumpata huyo mmoja. Kwenye riwaya ya genge, kata ni mtaa mzima. Kila mtu anajua nani kaua na kwa amri ya nani. Anayetafutwa ni mtu mwenye uthubutu wa kusema.

Ndiyo maana kitabu ninachokiweka juu katika kundi hili ni kile cha Leonardo Sciascia cha mwaka 1961, *Il giorno della civetta*, kinachotokea kisiwani Sicily. Mtu anapigwa risasi alfajiri akiwa anadandia basi. Askari wanapofika, abiria wanayeyuka mmoja mmoja. Muuza vitafunio aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale anapoulizwa nani kafyatua risasi, anashangaa: kwani kuna aliyefyatua? Swali hilo moja limebeba kitabu kizima. Kapteni anayepeleleza si mjinga, na ukweli anaukaribia mapema. Kinachomshinda ni ukimya.

*The Godfather* ya Mario Puzo, iliyotoka mwaka 1969, ni tamu na sikatai mtu kuipenda. Lakini jua kwamba Puzo mwenyewe alisema hakuwahi kukutana na jambazi halisi hata mmoja, alitegemea utafiti. Inaonekana. Majambazi wake wana hekima, heshima na methali nzuri kuliko walimu wangu. Kwa upande mwingine Dashiell Hammett alikuwa amefanya kazi katika shirika la upelelezi la Pinkerton kabla ya kuandika *Red Harvest* mwaka 1929. Humo mpelelezi asiyetajwa jina anaingia mji uliokamatwa na magenge, anayachonganisha yamalizane, na taratibu anaanza kuogopa jinsi kazi hiyo inavyomnogea. Hakuna mwenye hekima pale.

Ukitaka kuona uzito wa ukimya huo nje ya riwaya, tazama kilichotokea ulipovunjika. Mwaka 1984 Tommaso Buscetta, mtu wa ndani wa Cosa Nostra, yaani mafia ya Sicily, alikubali kumweleza hakimu Giovanni Falcone jinsi chama hicho kilivyopangwa, kuanzia juu mpaka chini. Mwaka 1986 ikafunguliwa kesi mjini Palermo yenye washtakiwa wapatao 475, na zaidi ya 300 wakatiwa hatiani. Mei 1992 Falcone akauawa kwa bomu lililotegwa chini ya barabara kuu. Roberto Saviano naye, aliyeandika *Gomorrah* mwaka 2006 kuhusu Camorra, mtandao wa magenge ya Naples, tangu mwaka huo anaishi chini ya ulinzi wa polisi. Mumeo akikaa na hayo dakika chache, neno “damu tu” litamgandia mdomoni.

Mwanangu ana miaka 14 na hasomi kitu ila vitabu vya majambazi. Je, niogope?

La, mama. Kwanza anasoma. Pili, katika vitabu hivi ni nadra jambazi kufika ukurasa wa mwisho akiwa salama. Ninachokushauri ni kusoma kimojawapo naye, halafu umuulize: nani hasa alilipia utajiri ule? Vitabu vibovu havina jibu la swali hilo, kwa sababu waliouawa humo hawana hata majina. Akianza kuliona hilo mwenyewe, muache aendelee.

Mimi ni muuguzi. Mambo ya sumu, kitambaa chenye dawa na daktari anayetaja saa ya kifo hunichekesha. Yapi kati ya hayo ni ya kweli?

Unacheka kwa haki. Tuanze na daktari anayeinama juu ya maiti na kutangaza, “Amekufa saa tatu na robo usiku.” Hawezi. Mwili hukakamaa kuanzia taya na shingo, saa chache baada ya kifo. Hufikia ukakamavu kamili baada ya kama saa 12, kisha hulegea polepole katika siku moja au mbili zinazofuata. Joto huharakisha yote hayo, baridi huchelewesha. Hata kipimajoto hutoa makadirio tu, kwa sababu mwili hupoa kwa kiasi kinachokaribia nyuzi moja kwa saa, na hapo uzito, nguo na upepo bado havijatiwa hesabuni. Daktari mkweli atakupa muda wenye upana wa saa kadhaa. Jambo la ajabu ni kwamba upana huo unamfaa zaidi mwandishi: washukiwa watatu wanaingia humo badala ya mmoja.

Kitambaa chenye klorofomu ndicho uongo mkubwa kuliko wote. Mtu haanguki kwa pumzi mbili. Huchukua dakika kadhaa za kuvuta mvuke mfululizo, na muda wote huo anapigana. Kipimo kikizidi kidogo, aliyetekwa anageuka marehemu.

Bastola yenye kiwambo cha kuzuia sauti nayo haitoi ule mnong'ono wa kwenye sinema. Mlio wa desibeli 160 hushuka hadi karibu 130, na huo bado ni mlio wa kuamsha jirani.

Sumu ndiyo iliyoandikwa kwa uangalifu zaidi, na shukrani nyingi zimwendee Agatha Christie. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali, na riwaya yake ya kwanza, *The Mysterious Affair at Styles* ya mwaka 1920, ilisifiwa na jarida la wafamasia wenyewe kwa usahihi wake. Nadhani hakuna sifa nyingine aliyoistahili zaidi. Aseniki ilikuwa kipenzi cha wauaji wa kweli mpaka mkemia James Marsh alipochapisha mwaka 1836 kipimo cha kuigundua ndani ya mwili. Tangu hapo muuaji akawa na adui mpya, na mwandishi akapata mhusika mpya: mtu wa maabara. Alama za vidole zilifuata. Mwaka 1892 huko Argentina, alama ya damu mlangoni ilimfichua Francisca Rojas, aliyewaua watoto wake wawili na kumsingizia mwanamume mwingine. Kipimo cha vinasaba (DNA) kikaja miaka ya 1980, nchini Uingereza.

Ila kuna hasara. Maabara ikiwa na nguvu kiasi hicho, mpelelezi anabaki kusubiri majibu kwenye simu, na kusubiri hakusomeki. Ndiyo maana riwaya nyingi mpya zinarudi nyuma kwa miaka, au zinawafungia wahusika mahali pasipo na mtandao. Ukiona dhoruba imekata simu sura ya pili, mhurumie mwandishi, alikuwa anakimbia vinasaba.

Nataka kusoma uhalifu kwa Kiswahili, si tafsiri. Nianze na nani?

Anza na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. *Mzimu wa Watu wa Kale* kilishinda shindano la uandishi kabla ya kuchapishwa mwaka 1960, na humo ndimo alimozaliwa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, akifuatana na rafiki yake Najum. Watu hupenda kusema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevalishwa kanzu. Kuhusu kiko na rafiki, sawa. Lakini mafumbo ya Abdulla hayakai kwenye majivu ya sigara. Yanakaa kwenye nasaba, ndoa zilizofichwa na urithi, yaani kwenye siri za ukoo. Hapo hakuiga mtu. Endelea na *Kisima cha Giningi* cha mwaka 1968, kisha *Siri ya Sifuri* cha 1974.

Baada ya hapo ongeza mwendo. Faraji Katalambulla na *Simu ya Kifo* ya mwaka 1965, kitabu chepesi mkononi na chenye kasi. Halafu Elvis Musiba na Willy Gamba wake, aliyeanza na *Kufa na Kupona* mwaka 1974. Pale tuko karibu zaidi na ujasusi kuliko upelelezi, na uhalifu una sura ya siasa za ukombozi. Ben R. Mtobwa, na mpelelezi wake Joram Kiango akiwa na Nuru ubavuni, ndiye mwenye taharuki kali kuliko wote hao, ingawa wakati mwingine warembo wake wanamfunika mpelelezi. Kama unataka kufikiri, baki na Abdulla. Kama unataka kukesha, mshike Mtobwa.

Shemeji yangu amenisimulia mwisho wa kitabu nilichokuwa nakisoma. Nikitupe?

Mtupe shemeji, kitabu baki nacho. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi, baadhi wakiwa wameshaambiwa mwisho. Waliojua mwisho walifurahia zaidi, hata kwenye hadithi za mafumbo. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu tu: kusoma ukijua ni raha ya kuona mkono wa mwandishi ukichomeka kidokezo, na hiyo ni raha ya usomaji wa pili. Shemeji amekuibia ule wa kwanza. *The Murder of Roger Ackroyd*, cha Agatha Christie cha mwaka 1926, kwa mfano, ni kitabu ambacho mtu anapaswa kukisoma bila kujua lolote, na hapa nafunga mdomo.

Shikamoo. Ninaandika riwaya yangu ya kwanza ya mauaji. Nimefika sura ya tisa na mimi mwenyewe sijui nani kaua. Nimekwama au niko sawa?

Marahaba. Umekwama, lakini si vibaya. Edgar Allan Poe, ambaye hadithi yake ya mwaka 1841 kuhusu mauaji ya mtaa wa Morgue jijini Paris huhesabiwa kuwa mwanzo wa fani hii, alishauri mtunzi aujue mwisho kabla hajashika kalamu. Raymond Chandler ni mfano wa kinyume: walipokuwa wanatengeneza filamu ya riwaya yake *The Big Sleep*, aliulizwa nani alimuua dereva, na inasimuliwa kwamba hata yeye hakujua. Kitabu kinasomeka hadi leo. Lakini Chandler alikuwa na sentensi za kumfanya msomaji asahau dereva. Wewe na mimi bado.

Acha kujiuliza nani kaua. Andika kwenye karatasi kila mhusika anaficha nini, hata wasio na hatia: deni, mtoto wa nje, cheti cha kughushi. Kila mmoja atadanganya kulinda chake, na polisi watapotea njia bila wewe kuwasukuma. Siri moja kati ya hizo marehemu alikuwa ameigundua. Mwenye hiyo ndiye muuaji wako, na pengine sura ya nne itabidi uiandike upya.

Vitabu vya mpelelezi mmoja visomwe kwa mpangilio?

Vya Bwana Msa, si lazima. Vya Holmes, ndiyo walau kidogo, maana Arthur Conan Doyle alimuua mwaka 1893 akidhani wameachana, na ukishika juzuu la baadaye kwanza utamkuta mzima, anavuta kiko, na kifo kile kitakosa ladha.