Maswali ya Wasomaji: Nililia kwa Riwaya, Nikakauka kwa Tawasifu

Swali: Ndugu mwandishi wa safu hii, salamu nyingi. Ndani ya mwezi mmoja nimesoma vitabu viwili vinavyohusu watoto walioutoka utoto wao kabla ya wakati. Kimoja ni *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, na kingine ni kumbukumbu za Ngũgĩ wa Thiong'o kuhusu utoto wake. Riwaya ilinitoa machozi. Kumbukumbu, ambazo najua fika kuwa ni mambo yaliyomfika mtu wa kweli, nilizisoma kwa utulivu hadi ukurasa wa mwisho. Naona haya kulisema hili. Je, mimi ni mtu wa moyo mgumu, au sijui kusoma?

Jibu: Ungekuwa hujui kusoma, usingeitambua tofauti hiyo, na ungekuwa na moyo mgumu, usingeona haya. Kwa hiyo tuyaache hayo mawili, tuvitazame vitabu vyenyewe.

Mtazame Yusuf wa *Peponi*. Ana umri wa miaka kumi na miwili anapoondoka kwao. Kabla ya hapo hupenda sana siku ambazo tajiri Aziz hufikia nyumbani kwao, kwa sababu kila aagapo humwachia sarafu ya anna kumi. Mtoto huingoja sarafu ile kama watoto wote wanavyongoja zawadi ya mgeni, naye humwita mgeni huyo ami. Baadaye, katika duka la Aziz anakopelekwa, kijana anayeitwa Khalil humweleza bila kuficha kwamba Aziz si ami yake hata kidogo, na kwamba yeye Yusuf amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Nadhani machozi yako hayakutoka pale Khalil aliposema, bali pale ulipoikumbuka sarafu. Gurnah aliiweka katika kurasa za mwanzo kabisa, akanyamaza, akakuacha uichukulie kuwa ni wema tu wa mgeni, kisha akakurudisha kwake bila kukuambia kwamba anakurudisha. Mwandishi wa riwaya ana uhuru huo wa kutega. Huruma yako ameiandalia njia tangu mwanzo, maana Yusuf hayupo popote isipokuwa humo, na usipomhurumia humo hutapata pengine pa kumhurumia.

Ngũgĩ ana kazi ya namna nyingine. Anaandika juu ya mama yake mwenyewe, ndugu zake mwenyewe, baadhi yao wakiwa wamekwisha kufa na hawawezi kumsahihisha, na uhuru wa kutega anao kidogo sana. Katika kitabu cha kwanza cha kumbukumbu zake, kilichotoka mwaka 2010, lipo jambo moja ambalo kwangu linaeleza ukavu unaousema. Mama yake alipokubali aende shule alimtaka ahadi kwamba atajitahidi kwa uwezo wake wote, na tangu siku hiyo, hata alipoletewa habari za alama nzuri, alimuuliza mwanawe kama kweli hapo ndipo uwezo wake ulipofikia. Mtu aliyelelewa kwa swali hilo haandiki kwa kulialia. Ndivyo ilivyo pia katika kitabu cha pili, cha mwaka 2012, anaposimulia likizo yake ya kwanza kutoka shule ya Alliance mwaka 1955: anarudi na sanduku lake, anafika mahali ambapo kwao palikuwapo, na kijiji hakipo, kimebomolewa, watu wamehamishwa kwa amri ya serikali ya kikoloni katika miaka ile ya hali ya hatari. Anaeleza alichokiona, kisha anaendelea na safari ya kuwatafuta watu wake.

Mimi nami niliisoma sehemu hiyo macho yakiwa makavu. Siku mbili tatu baadaye, nikiwa nimesimama mbele ya mlango wangu napapasa mfukoni kutafuta ufunguo, ndipo iliponijia kwamba yule mwanafunzi hakuwa na mlango wa kubisha. Basi huenda kitabu chako hakijamaliza kazi yake. Kingoje.

Niongeze neno moja, nisije nikaonekana naitetea kila tawasifu. Ziko zinazokausha macho kwa sababu tu zimeandikwa vibaya, hasa zile za wakubwa waliostaafu, ambamo kila sura ni mkutano, kila mkutano una orodha ya waliohudhuria, na mwandishi hajakosea tangu azaliwe. Mambo yote humo yanaweza kuwa ya kweli, lakini ukweli wa tukio haumwondolei mtu kazi ya kusimulia.

Swali: Katika kikundi chetu cha kusoma tumegombana juu ya *Barua Ndefu Kama Hii* ya Mariama Bâ. Wenzangu wanashikilia kwamba ni maisha ya mwandishi mwenyewe na kwamba neno "riwaya" ni pazia tu. Mimi nilikipenda sana, lakini sasa kila nikikifungua najikuta natafuta wapi ni yeye na wapi siye. Tukisome vipi?

Jibu: Kisomeni kama kilivyojitambulisha, yaani riwaya, na hilo pazia mliache lilipo.

Wenzako hawakosi sababu. Kitabu kimeandikwa kwa nafsi ya kwanza, kwa umbo la barua ambayo Ramatoulaye, mjane aliye katika eda, anamwandikia rafiki yake Aissatou, na hakuna umbo linalofanana na siri ya kweli kuliko barua. Bâ naye, kama mhusika wake, alikuwa mwalimu, Msenegali, mama wa watoto wengi. Lakini hapohapo ndipo wanapoachana. Ramatoulaye ana watoto kumi na wawili, Bâ alikuwa na tisa. Ramatoulaye alibaki katika ndoa hata baada ya mumewe kuoa rafiki wa binti yao, akaja kufiwa naye, ilhali Bâ alipeana talaka na mumewe. Mwandishi aliyetaka kusimulia yaliyomfika angeanza na talaka yake. Huyu alimpa mhusika wake njia ambayo mwenyewe hakuifuata, na kwangu mimi huko kuuliza "ningebaki ingekuwaje?" ndiko kunakokipa kitabu uzito.

Rudia ile sehemu ambayo imamu na wenzake wawili wanakuja kumpa Ramatoulaye habari za ndoa ya pili. Wanazunguka, wanataja majaaliwa ya Mungu, wanamsifu mke kwa subira yake ya miaka mingi, na sifa hizo ndizo zinazouma kuliko habari yenyewe. Yeye anajizuia, hawapi nafasi ya kuiona fadhaa yake, anawashukuru. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimkasirikia kwa shukrani zile. Mara ya pili nilielewa kwamba wageni wake walikuja wakiwa tayari kwa kilio, naye aliwanyima. Sasa niambie, ukijua kwamba jambo hilo lilimtokea Bâ au halikumtokea, sehemu hiyo inapungua nini? Kitabu kilitoka mwaka 1979, kikapata Tuzo ya Noma, ya vitabu vilivyochapishwa Afrika, mwaka uliofuata, na mwandishi akafariki mwaka 1981, asipate muda mrefu wa kuulizwa maswali kama haya yenu. Pengine ni afadhali.

Upo pia mfano wa upande wa pili, nao unanishughulisha zaidi. Adam Shafi alikuwa miongoni mwa watu waliotiwa kizuizini Zanzibar baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwezi Aprili 1972. Alikuwa na haki zote za kuandika tawasifu ya kifungo. Badala yake, zaidi ya miaka thelathini baadaye, mwaka 2003, alitoa *Haini*, akaiita riwaya. Sitadai kuijua nia yake, ila naweza kusema iliyonipata mimi msomaji: kwa kuwa ni riwaya, sikukaa humo kama hakimu anayepima ushahidi wa shahidi mmoja. Nilikaa selo. Ingekuwa tawasifu, ningeshughulika na nani alisema nini na lini, na waliomo humo wangekuwa watu wenye majina yao, watoto wao na majibu yao. Kuna mambo ambayo mtu huyasema kwa ukamilifu zaidi anapojitoa ndani yake. Alipotaka kusimulia maisha yake waziwazi, katika *Mbali na Nyumbani*, alichagua safari ya ujanani, na humo sauti yake ina wepesi ambao *Haini* isingeweza kuubeba.

Swali: Nilisoma *Peponi* kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, nikaona kama nimesoma vitabu viwili. Ni mimi tu?

Jibu: Si wewe tu. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikatufikia mwaka 2022, baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobeli. Katika Kiingereza, wahusika wanazungumza lugha ambayo wengi wao hawakuijua, na msomaji wa Kiswahili muda wote huwa anawatafsiri kichwani kimyakimya. Tafsiri ilinipumzisha kazi hiyo. Matani na matusi ya Khalil, ambayo kwa Kiingereza niliyapita nikitabasamu, kwa Kiswahili yalinichekesha kwa sauti, na kwa sababu nilicheka, huzuni yake ilipokuja ilinikuta sina ulinzi.

Swali: Je, ni vibaya kukiacha kitabu katikati?

Jibu: Si vibaya, mradi uandike ulipoachia. *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi, kitabu kidogo cha mwaka 1990 kisichofuata msuko tuliouzoea, nilikiacha mara mbili nikikilaumu. Mara ya tatu nilikimaliza kwa siku moja. Kitabu hakikuwa kimebadilika hata herufi.

Swali: Nataka kuanza kuandika maoni yangu juu ya vitabu ninavyosoma, lakini kila nikianza najikuta nasimulia tu hadithi. Nifanyeje?

Jibu: Anza na mahali ulipositisha kusoma. Kila msomaji huwa na mahali alipofunga kitabu bila kusikia njaa wala usingizi. Andika ukurasa huo, andika sentensi iliyokusimamisha, kisha jaribu kueleza kwa nini, hata kama maelezo yenyewe yatakuwa ya kijinga. Fanya hivyo kabla hujasoma uhakiki wa mtu yeyote, maana ukishasoma wa wengine, hutajua tena lipi ni lako. Usihangaike na fani na maudhui siku ya kwanza. Na unapokasirika, andika hasira yenyewe na tarehe, kwa sababu hasira ya msomaji hubadilika upesi kuliko mapenzi yake, kama yangu kwa Ramatoulaye ilivyobadilika.

Ila uandike kwa ukamilifu kuliko mimi. Katika daftari langu la mwaka niliosoma *Haini*, kwenye nafasi ya kitabu hicho, pana namba ya ukurasa na neno moja tu, "kikohozi", nimelipigia mstari mara mbili. Sikumbuki ni kikohozi cha nani. Nimekitoa kitabu rafuni, kipo hapa mezani, na nikimaliza kujibu barua hizi nitakwenda kuutafuta ukurasa huo.